Serikali Haina Dini: Mbona Basi Twapumzika Idd na Krismasi?

Swali hilo niliulizwa darasani na mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Niliona lafaa lijibiwe mbele ya shule nzima, na wazazi wetu pia.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 3, yasema kuwa nchi yetu haina dini. Watu wengi hulielewa vibaya neno hili. Hudhani kwamba serikali haimtaki Mungu, au kwamba raia wametakiwa wazisahau ibada zao. Sivyo. Wimbo wetu wa Taifa wenyewe ni dua. Neno “nchi” katika ibara hiyo si watu, bali ni dola: yaani Bunge, mahakama, wizara, na shule za serikali kama hii yetu. Dola haina msikiti wala kanisa. Wenye navyo ni raia. Ndiyo maana ibara ya 19 yampa kila mtu uhuru wa kuabudu, hata wa kubadili dini yake, na yaziacha jumuiya za dini zijiendeshe nje ya shughuli za serikali.

Sisi wa Bagamoyo tuna sababu ya kuyafahamu mambo haya. Zamani Sultani wa Unguja aliitawala pwani hii kwa maliwali wake, na makadhi waliamua kesi kwa sheria ya Kiislamu. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapa, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye naye alipata kuwa mtumwa aliyeletwa kutoka Kongo, aliieneza tarika ya Kadiria, na maulidi ya Bagamoyo yakavuta wageni kutoka mbali. Basi dini zote mbili katika mji huu ziliwainua watu walionyang'anywa utu wao.

Lakini katika elimu palikuwa na uchungu. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni. Wazazi wengi Waislamu wa pwani waliogopa kuwapeleka watoto wao, wasije wakabatizwa. Hivyo mtoto alikosa masomo, na baadaye akakosa kazi, si kwa upungufu wa akili, bali kwa sababu mlango wa shule ulikuwa pia mlango wa dini ya watu wengine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya serikali, ili mtoto apokewe pasipo kuangaliwa dini yake. Hii ndiyo faida ya serikali isiyo na dini, nasi tulioketi katika madarasa haya ndio tunaoila.

Sasa turudi kwenye sikukuu. Wakristo wana Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na siku inayofuata. Waislamu wana Idd el Fitr, Idd el Haji na Maulidi. Siku hizo serikali haimlazimishi mtu kusali. Hufunga ofisi tu, ili mwenye ibada asiwe na hofu ya kukatwa mshahara, na asiye nayo apumzike nyumbani. Hata mwezi wa Idd, wanaotangaza kuandama kwake ni masheikh, si mawaziri.

Kila taifa lina njia yake. Uingereza, mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana, na maaskofu 26 wana viti katika Bunge la Malodi. Ufaransa ilitenga dini na serikali kwa sheria ya mwaka 1905, lakini Krismasi ni siku ya mapumziko huko hata leo, na Idd siyo. Sisi tumechagua kuzitambua zote mbili.

Hata hivyo mizani yetu haijakaa sawa kabisa. Mapumziko ya Jumapili yametokana na desturi ya Kikristo, nasi tuliyarithi kwa wakoloni. Kwa hiyo ni haki Mwislamu aachiwe nafasi ya sala ya Ijumaa, wala asihesabiwe mtoro. Na je, Msabato, ambaye siku yake ni Jumamosi? Na Mhindu, ambaye Diwali yake haimo katika orodha ya sikukuu za taifa? Hawa ni wachache, hawana wa kuwapigia kelele. Nionavyo mimi, haki ya serikali isiyo na dini hupimwa kwao kuliko kwa walio wengi. Mwalimu akipanga jaribio siku ya Jumamosi, na aangalie kwanza ni nani atakayekosa, ampangie siku nyingine.

Mambo haya yawezekana. Hapa shuleni, mwezi wa Ramadhani, viranja Wakristo huamka usiku kusaidia kugawa daku. Na wakati wa Pasaka, Waislamu hushika zamu za usafi ili wenzao wawahi kanisani. Hakuna sheria iliyowaamuru.

Wanafunzi wenzangu wa leo mtakuwa makarani, mahakimu na waganga wa kesho. Atakapokuja mtu mbele ya meza yako, umuulize shida yake, wala usimuulize anasali wapi.