Mwanafunzi wa F-1 Marekani uliyejaza Fomu 1040? Rekebisha kabla IRS haijakuandikia

Kila msimu wa kodi ukifika Marekani, wanafunzi wengi wa kigeni, wakiwemo wa Kenya na Tanzania, hupakua programu ileile wanayotumia wenzao wa darasani, wanabonyeza "endelea" mara kadhaa, na hela inaingia benki. Shida ni kwamba programu nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa raia na wakaazi, kwa hiyo zinatoa Fomu 1040. Mwanafunzi wa viza ya F-1 kwa kawaida anatakiwa kujaza 1040-NR, ya asiye mkaazi.

Mbona mtu aliyeishi Boston miaka mitatu aitwe si mkaazi? Kwa sababu sheria ya kodi haiangalii pango lako. Mkaazi hupatikana kwa kuhesabu siku alizokaa nchini, na siku za mwanafunzi wa F-1 au J-1 hazihesabiwi kwa miaka 5 ya kwanza. Hapo ndipo wengi huteleza: ni miaka ya kalenda, na hata kipande cha mwaka ni mwaka mzima. Aliyetua Desemba 2021 ameshatumia mwaka mmoja kwa wiki chache tu, na miaka yake 5 imeisha na 2025. Anayeendelea kujaza 1040-NR baada ya hapo naye anaweza kuwa amekosea, kwa upande wa pili.

Tofauti ni ya hela, si ya karatasi. Mkaazi anapata punguzo la kawaida, ambalo kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa asiye na ndoa. Asiye mkaazi hapati, isipokuwa wanafunzi wa India, ambao mkataba wa nchi yao unawaruhusu. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo hapa hakuna pa kujishikiza.

Chukua mwanafunzi aliyelipwa dola 12,000 mwaka 2024 kwa kazi ya chuoni. Kwenye 1040 kodi yake inasoma sifuri. Kwenye 1040-NR, bila makato mengine, ni kama dola 1,200. Kama programu ilimpa pia nafuu ya kodi ya masomo, ambayo hadi dola 1,000 zake hulipwa taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi, hiyo nayo inarudi serikalini.

Namna ya kurekebisha

Kwanza subiri marejesho ya ritani ya awali yaingie, kisha usiyatumie yote. Jaza 1040-NR sahihi ya mwaka huo na uandike "Amended" juu yake. Kisha chukua Fomu 1040-X: ukurasa wa mbele weka jina, anwani na namba ya Social Security tu, bila hesabu. Kwenye sehemu ya maelezo eleza kilichotokea kwa sentensi mbili tatu, kwamba ulijaza kama mkaazi kumbe bado uko ndani ya miaka 5. Ambatanisha ritani mpya kwa nyuma, pamoja na Fomu 8843, ambayo mwanafunzi hutakiwa kuituma hata kama hakuingiza senti.

Kama unadaiwa, lipa pamoja na kutuma. Riba huanzia tarehe ya mwisho ya kulipa kodi ya mwaka ule, si siku uliyogundua. IRS husema majibu huchukua wiki 8 hadi 12, na wakati mwingine 16. Majimbo mengi yana kodi yake, hivyo ritani ya jimbo nayo iangaliwe.

Kukausha tu? Ni kamari mbaya. Ombi la uraia, kwa mfano, linauliza kama una kodi unayodaiwa.

Lakini angalia pia W-2 yako. Asiye mkaazi wa F-1 anayefanya kazi inayoruhusiwa na viza yake hakatwi Social Security na Medicare, ambazo kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara. Kama ulikatwa, mwombe kwanza mwajiri akurudishie. Akigoma, hela hiyo inadaiwa IRS kwa Fomu 843 ikiambatana na 8316, kwa kawaida ndani ya miaka 3.