Kisu Anashika Nani?

Nimeulizwa tena wiki iliyopita, hapa Singida mjini, na muulizaji akitabasamu kama mtu aliyekwisha kujijibu: "Mwalimu, si Mungu ni mmoja na dini zote ni moja? Sasa kuvumiliana kuna ugumu gani?"

Nafundisha historia. Swali hili nimelijibu kwa upole mpaka upole umeniishia. Dini zote si moja. Zingekuwa moja, neno uvumilivu lisingekuwa na kazi.

Mtu huvumilia njaa, jua, jirani mwenye redio kubwa. Hakuna anayevumilia pilau. Kuvumilia dini ya mwenzako ni kuamini kwamba katika jambo hilo amepotea, kisha ukamwacha aabudu, alee watoto wake na azike wafu wake anavyojua. Anayesema zote ni moja hajavumilia chochote. Amefuta imani ya jirani na ya kwake kwa mkupuo mmoja, halafu anangoja ashukuriwe.

Ipimeni kauli hiyo kwa kuku, maana mkoa wetu ndio unaojaza matenga ya kuku wa kienyeji kwenda Dar es Salaam. Kuna harusi, wageni ni mchanganyiko. Nani ashike kisu? Kwa Mwislamu, kuku asiyechinjwa inavyotakiwa ni kibudu, hata akaangwe kwa alizeti safi ya Iramba. Wapo nao Wakristo ambao kula kilichosomewa bismillahi kunawasumbua dhamiri. "Dini zote ni moja" inamsaidia yupi kati ya hawa? Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika ugomvi wa nani achinje. Kauli yenu tamu ilikuwepo wakati huo pia, ikisemwa kila jukwaa.

Sasa tazameni waliovumilia kweli. Mwaka 1844 Seyyid Said wa Unguja alimpa Krapf, mmisionari wa Kikristo, barua ya kumtambulisha kwa watawala wake wa pwani. Said alikuwa Ibadhi, raia wake wengi walikuwa Sunni wa Kishafii, na hakuna aliyejifanya haoni tofauti: Ibadhi walikuwa na kadhi wao, Sunni na wao. Upande wa pili yupo Louis wa 14 wa Ufaransa. Huyo ndiye aliyetaka dini iwe moja hasa. Mwaka 1685 akaifuta Amri ya Nantes ya 1598 iliyowalinda Waprotestanti, na maelfu wakaikimbia nchi.

Msiniambie pia kwamba Mtanzania amezaliwa mpole. Upole wetu una vifungu. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa kuabudu na kuziweka jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi; ya 20 inazuia chama cha siasa cha dini. Sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya 1967, kwa hiyo anayekwambia "sisi ndio wengi" anabahatisha. Na Makiungu, hospitali ya Wakatoliki, akina Mwanahawa wamejifungua miaka yote bila kuambiwa kwamba dini ni moja. Waliambiwa wasukume.

Mnaotaka la kufanya, haya, haraka. Kwenye shughuli, kubalianeni mchinjaji kabla kuku hajakamatwa. Asiyetaka nyama hiyo apikiwe sufuria yake, na asichekwe. Mnaooana kila mtu na dini yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawapa ndoa ya serikali: toeni taarifa siku 21 kabla, ofisi ya mkuu wa wilaya, na hakuna anayelazimika kusilimu wala kubatizwa. Msibani, semeni mapema marehemu anazikwa kwa dini gani, kabla maiti haijatoka mochwari. Spika ikikukera, anza kwa mwenye spika, kisha mwenyekiti wa mtaa. Mhubiri akigeuza mahubiri kuwa matusi, Kanuni ya Adhabu inakataza maneno ya kukusudia kuumiza hisia za dini za wengine. Nenda polisi, usiende na mawe.

Ukinikuta stendi ya Misuna, niulize bei ya jogoo. Lile swali jingine nimelijibu.