Tumbo Limejaa, Misuli Ina Njaa

"Daktari, maharage nakula kila siku. Mbona sinenepi?"

Wengi huniita daktari, ingawa kazi yangu ni lishe. Na swali hili huja na sura ileile: kijana mrefu, shingo nyembamba, mkanda wa suruali umeongezwa tundu kwa msumari. Mara nyingi ni Msabato wa Same au Mwanga. Usabato uliingia Upare mwaka 1903, na ingawa kanisa hilo linaruhusu nyama zinazohesabiwa kuwa safi katika Biblia, huwahimiza waumini wale vitokavyo shambani, na zipo familia zilizoitikia. Kijana akienda harusini, shangazi humpima mkono kwa vidole viwili: "Mwanangu, kwa majani hayo utajaa lini?" Basi anafika kwangu ameshakata shauri kwamba anachokosa ni protini, na kwamba protini maana yake nyama.

Mimi huanza na sahani yake ya mchana. Ugali wa gramu 150 za unga, ambao ukishanyonya maji unakaribia nusu kilo. Kikombe cha maharage. Kikombe cha mchicha wa kuchemsha. Jumla ni kama robo tatu ya kilo, na akimaliza anaegemea ukuta na kulegeza mkanda. Protini aliyokula ni gramu 30 hivi, kiasi ambacho kwa mlo mmoja hakina lawama. Kasoro iko kwenye nishati: kilokalori 800 tu. Kijana wa kilo 56 anayelima au kubeba mizigo huhitaji kama 2,600 kwa siku ili abaki alivyo, na 2,900 hadi 3,100 ili aongezeke. Asubuhi alikunywa chai ya rangi na andazi moja. Hesabu haifiki, na tumbo halina tena nafasi.

Hapo ndipo penye fundo. Vyakula vingi vya mimea, vikishapikwa, huja na maji na nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo hushibisha kabla ya kulisha. Kwa mwenye kitambi hiyo ni neema. Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kilianza mwaka 2002 kuwafuatilia Wasabato zaidi ya 96,000 wa Marekani na Kanada. Kipimo cha uzito kwa urefu, ambacho kawaida yake ni kati ya 18.5 na 25, kilikuwa wastani wa 23.6 kwa wasiogusa chochote cha mnyama, na 28.8 kwa wala nyama. Wembamba ambao Mmarekani anautafuta kwa fedha ndio kijana wetu anaoukimbia.

Kwa hiyo simwambii aongeze sahani ya pili ya ugali. Namwambia aongeze vitu vidogo vyenye nguvu nyingi. Kiganja cha karanga, gramu 30, kina kilokalori 170. Vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti kwenye mchicha, 240. Nusu ya parachichi kubwa, 160. Vyote hivyo havifiki gramu 160, lakini vimeleta 570, zaidi ya theluthi mbili ya ule mlo mzima uliomlaza ukutani. Bibi zetu walilijua hili bila mizani: mbaazi zilipikwa kwa tui la nazi, kisamvu kikaungwa kwa karanga. Mboga ya chukuchuku waliiacha kwa wagonjwa.

Njia nyingine ni kunywa. Mtu huchelewa kushiba kwa kinywaji kuliko kwa chakula cha kutafuna, ndiyo maana bakuli la uji hupata nafasi pale ambapo tonge limekataliwa.

Sasa protini yenyewe. Mtu wa kawaida anatosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake. Anayejenga misuli huhitaji kama mara mbili ya hapo, gramu 1.6. Kwa kijana wetu wa kilo 56 ni gramu 90 kwa siku. Siku moja inaweza kwenda hivi: asubuhi uji wa dona uliotiwa kikombe cha maziwa na vijiko viwili vya karanga za kusaga, pamoja na mayai mawili, gramu 31. Mchana makande na parachichi, 26. Saa kumi jioni kikombe cha mtindi na kiganja cha karanga, 16. Usiku ugali, kikombe cha choroko na mchicha wa kuunga, 29. Jumla 102. Asiyekula mayai akiyaondoa, bado amebaki na 90.

Nimeyataja makande kwa makusudi. Wapare hutaniwa sana kwa chakula hicho, lakini chungu chao kina akili. Protini hujengwa kwa asidi amino, mfano wa shanga za rangi mbalimbali zinazotungwa kwa mpangilio maalumu. Rangi moja ikiisha, mtungaji anasimama hata kama nyingine zimejaa kikapuni. Mahindi yana uhaba wa laisini. Maharage yanayo tele, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi hayakosi. Vikiwa pamoja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Githeri ya Wakenya ni hesabu hiyohiyo. Wala si lazima vipikwe chungu kimoja: ukila nafaka mchana na kunde usiku, mwili unajua kuviunganisha.

Tofauti na nyama ipo. Protini ya mimea mingi humeng'enywa kwa kiwango cha chini kidogo, na ina leusini haba, asidi amino inayoiamsha misuli ianze kujijenga. Ndiyo sababu siku ile nimeigawa katika milo minne, badala ya kurundika maharage yote usiku. Soya ndiyo kunde iliyo karibu zaidi na nyama kwa ubora, na unga wake kidogo kwenye uji hauonekani wala haulalamikiwi.

Maharage yanataka adabu jikoni. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemke kwa nguvu. Kuloweka hupunguza gesi na pia fitati, ambazo huyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha, hivyo usiyaache yakajipikia kwa moto wa kufifia tangu mwanzo. Kamulia ndimu kwenye mboga, kwa kuwa vitamini C huvuta madini ya chuma. Chai isogeze saa moja mbali na mlo, maana inayazuia. Kwa wasichana, ambao hupoteza damu kila mwezi, jambo hili lina uzito zaidi.

Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Anayekula mayai na maziwa ya kutosha anaipata. Asiyegusa kabisa kitu cha mnyama lazima atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Kriatini, inayosaidia misuli kufanya kazi nzito za muda mfupi, hutoka kwenye nyama na samaki, hivyo wasiovila huwa na akiba ndogo. Mtu mzima mwenye figo nzima anaweza kutumia gramu 3 hadi 5 za unga wake kwa siku. Si lazima, akiba ya fedha ikiruhusu tu.

Lakini chakula peke yake hakijui njia ya kwenda mkononi. Ziada isiyo na mazoezi huishia kiunoni. Misuli hukua ikibebeshwa uzito ambao haijauzoea, siku mbili au tatu kwa wiki, na uzito huo ukaongezwa kidogo kidogo. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20: chuchumaa nalo kifuani na kuinuka, liinamie na kulivuta kuelekea tumboni. Piga pushapu, jivute kwenye tawi. Kila zoezi raundi tatu, ukiishia pale ambapo ungeweza kurudia mara moja au mbili tu zaidi. Kisha lala saa saba au zaidi. Anayetilia shaka amkumbuke Patrik Baboumian, Mjerumani asiyekula chochote cha mnyama, ambaye mwaka 2013 huko Toronto alitembea mita 10 akiwa na kilo 550 mabegani. Ni magunia matano na nusu ya mahindi.

Asiye na subira hukimbilia vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kunong'onezana. Baadhi yake huwa ni deksamethasoni. Mashavu hujaa, watu wakasifu, kumbe dawa hiyo ikitumiwa kwa muda hula misuli yenyewe, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Na aliyekonda ghafla bila kubadili mlo, au anayekohoa wiki mbili na kutoka jasho usiku, aende kupima kwanza. Kifua kikuu, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo havitibiwi kwa parachichi.

Wengine wapande mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Robo hadi nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri; ukizidi sana hapo, sehemu kubwa ni mafuta. Wiki mbili zikipita mshale haujasogea, kijana asianze kuitilia shaka imani yake wala maharage yake. Aongeze kiganja kimoja cha karanga, aendelee kubeba dumu.