Ukatili pekee hautoshi kumwita mtu saikopathi

MTOTO wa kijiji cha Raila mtaani Kibera, au wa Kawangware, akizoea kuiba, kudanganya na kupiga wenzake bila kujuta, huenda majirani wakasema hana utu. Wengine humwita saikopathi. Jina hilo, hata hivyo, si la kutolewa ovyo.

Usaikopathi si wazimu. Mwenye wazimu aweza kusikia sauti zisizokuwepo. Saikopathi hujua vyema atendalo na huweza kuwa mcheshi, ila hana huruma wala majuto.

Chanzo chake si kimoja. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. Aidha, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, amigdala, hudhihirika kuwa dhaifu kwa baadhi yao. Kupigwa na kutelekezwa utotoni huzidisha hatari. Umaskini pekee haumfanyi mtu saikopathi. Hali hii hupatikana hata miongoni mwa matajiri.

Kipimo maarufu zaidi ni cha Robert Hare wa Kanada. Kina tabia 20, kila moja ikipewa alama 0 hadi 2. Nchini Marekani na Kanada, anayefikisha alama 30 kati ya 40 huhesabiwa kuwa saikopathi. Mpimaji hategemei mahojiano tu, bali pia rekodi za maisha ya mhusika, kwa kuwa saikopathi ni hodari wa uongo. Kipimo hicho ni cha watu wazima.

Nchini Kenya, washukiwa wa mauaji hupimwa akili, aghalabu katika hospitali ya Mathari, kabla ya kujibu mashtaka. Huchunguzwa iwapo wanaweza kuelewa kesi, dhamiri haipimwi. Mnamo 2021, Masten Wanjala, ambaye polisi walisema alikiri kuua watoto zaidi ya 10, alitoroka seli Nairobi na kuuawa na umati Bungoma. Wazazi walikosa hukumu.

Mtoto mkorofi wa Raila huenda anaiga ghasia alizoshuhudia, au ana njaa na hofu. Akibandikwa jina, atatengwa. Mzazi akisaidiwa mapema na mshauri kumlea kwa upole na msimamo, tabia yaweza kubadilika. Samaki hukunjwa angali mbichi.