Je, Wajua? Nanga Haishiki kwa Uzito

Je, wajua kwamba nanga ya kilo 15 huzuia mashua ya tani kadhaa? Kinachoshika ni kucha zilizozama mchangani, wala si uzito. Na kucha hazizami mpaka nanga ivutwe kwa mlalo. Ukiivuta kwa juu, unaing'oa.

Je, wajua kwamba jiwe la nanga la kilo 20 likiwa majini hubaki na uzito wa kama kilo 12, ilhali chuma cha kilo hizo hizo hubaki na zaidi ya 17? Siku ya shwari jiwe litaitosha ngalawa. Kusi likivuma, usilale.

Je, wajua kwamba nanga iliyoshika asubuhi yaweza kuachia alasiri, upepo ukiwa ule ule? Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda kiasi cha mita 4. Tuseme nahodha ametia nanga maji yamekupwa, kina mita 3, na omo, yaani mbele ya chombo, iko mita 1 juu ya maji. Akitoa amari (kamba au mnyororo wa nanga) ya mita 20, ana mara 5 ya kimo cha kutoka chini hadi omo: vizuri. Maji yakijaa, kimo kinakuwa mita 8, na mita zile 20 hazifiki hata mara 3. Kipimo cha kawaida ni mara 5 hadi 7, na hesabu hufanywa kwa maji yaliyojaa. Kwa hiyo alihitaji angalau mita 40, pamoja na nafasi ya kuzunguka bila kugonga jirani. Hilo la jirani ndilo linalozua ugomvi bandarini.

Na si maji tu: upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake juu ya chombo huwa mara nne.

Je, wajua kwamba nanga ya Danforth, yenye mabapa mawili mapana, hushika sana kwenye mchanga na tope lakini huteleza juu ya majani ya bahari? Kwenye miamba, nanga ya kucha nne hunasa haraka, pengine isitoke tena. Ifungie kamba ya pili kitakoni, yenye boya. Kwenye matumbawe usitie kabisa.

Je, wajua kwamba kuirusha nanga ni kuiharibia kazi? Mnyororo huiangukia na kuikaba. Elekeza omo kwenye upepo, chombo kisimame, ishushe taratibu, kisha rudi nyuma ukitoa amari. Ifunge, vuta polepole kwa injini, na uiguse kwa mkono: ikitetema, nanga inaburuzika. Ikikaza na kutulia, chagua mnazi na paa la nyumba vilivyo mstari mmoja ufukweni. Vikianza kuachana wakati chombo hakijageuka, anza upya.

Je, wajua kwamba mwaka 1956 meli ya mtafiti wa bahari Cousteau, Calypso, ilitia nanga kwenye kina cha zaidi ya mita 7,000 katika Atlantiki? Walitumia kamba ya nailoni. Mnyororo wa kawaida ungekatika kwa uzito wake wenyewe kabla haujafika chini.