Mfereji Huu ni wa Nani? Njia ya Mkazi kutoka Mtaani hadi Halmashauri

Kila masika, vituo vya afya vya Dar es Salaam hupokea wagonjwa wa kuhara ambao tiba yao haina ugumu mkubwa. Maji ya chumvichumvi, vidonge vya zinki kwa mtoto, dripu kwa aliyezidiwa. Baada ya siku chache mgonjwa huruhusiwa. Ugumu uko kule aendako. Anarudi katika nyumba ileile, kando ya mfereji uleule uliojaa taka, ambamo jirani husubiri mvua kubwa ili atapishe choo chake. Wiki chache baadaye anayeletwa kituoni ni mdogo wake.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini humo Agosti 2015 ulisambaa karibu nchi nzima, ukawapata watu zaidi ya 20,000. Tiba ilijulikana tangu siku ya kwanza. Kilichopungua ni maji salama, vyoo na mitaro, na hivyo haviandikwi katika cheti cha dawa. Huamuliwa katika vikao ambavyo wagonjwa wengi, na watumishi wengi wa afya vilevile, hawajapata kuvihudhuria.

Malalamiko mengi hufa mapema kwa sababu hupelekwa kwa asiyehusika. Mfereji ulio kando ya barabara kuu, mathalani Barabara ya Morogoro, uko chini ya TANROADS. Ulio kando ya barabara za ndani ya kata uko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na kuchukua kazi ya barabara iliyokuwa ya halmashauri. Maji yakiwa yanatoka katika bomba la majitaka lililopasuka, anayehusika ni DAWASA. Taka ngumu zilizouziba mfereji huohuo ni wajibu wa halmashauri, ambayo ndiyo huingia mkataba na mzoaji. Kumgombeza kijana wa mkokoteni hakusaidii kitu. Basi mfereji mmoja waweza kuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja akamwelekeza mkazi kwa mwenzake kwa maneno yenye kusikika kuwa ya haki kabisa. Dawa yake ni barua moja inayowataja wote watatu, ili kila ofisi ione kwamba nyingine imeandikiwa.

Hata jina la halmashauri huwachanganya watu. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi, jina la Jiji la Dar es Salaam limebaki kwa eneo hilo moja. Mkazi wa Buguruni ana haki ya kusema ‘ofisi yetu ya Jiji’. Wa Tandale huenda Kinondoni, wa Manzese huenda Ubungo, wa Mbagala huenda Temeke.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa. Wazee wengi bado huanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe ni mtu wa karibu na mara nyingi ni msuluhishi mzuri, lakini ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Analolisikia halina lazima ya kuandikwa popote. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 2024. Pembeni yake yuko mtendaji wa mtaa, mwajiriwa wa halmashauri, ambaye ndiye mtunza kumbukumbu. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wapangaji wakiwamo. Wapangaji hujidhania wageni, ilhali ndio walio wengi na ndio wanaougua.

Katika mkutano huo, kusema kwa uchungu hakutoshi. Lililo muhimu ni hoja kuingia katika muhtasari: mfereji uko wapi, umeziba tangu lini, nyumba ngapi hufurika, nani kakubali kufanya nini na kwa siku gani. Katika mkutano unaofuata, muhtasari husomwa, na hapo mkazi huuliza kwa utulivu utekelezaji umefikia wapi. Barua nayo ipelekwe masijala ikiwa na nakala ya pili, nakala hiyo igongwe mhuri wa kupokelewa, na mkazi arudi nayo nyumbani. Pasipo mhuri, barua huweza kuelezwa kuwa haikufika.

Yafaa kusemwa wazi kwamba mtaa una nguvu ndogo. Tofauti na kijiji, hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo, wala hauna fungu la kujengea mtaro. Kwa hiyo hoja lazima ipande hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kutoka hapo diwani huipeleka katika Baraza la Madiwani. Vikao vya kawaida vya baraza hufanyika kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Hawezi kuchangia, lakini diwani anayewaona wapiga kura wake kumi wameketi nyuma ya ukumbi hukumbuka hoja yao.

Kalenda nayo ina neno lake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge huanza kujadili bajeti Aprili. Wakati mafuriko ya masika yanapowapandisha watu hasira, mipango ya halmashauri kwa mwaka ujao imekwisha kuandikwa. Ombi la mtaro liletwe vuli, mvua za mwisho wa mwaka zinapoonyesha palipoziba, huku makisio yakiwa bado yanaandaliwa.

Yako mambo yasiyosubiri bajeti. Jirani anayetapisha choo ni suala la afisa afya wa kata, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kukagua na kumtaka mwenye nyumba aondoe kero hiyo.

Mtumishi wa afya ana silaha ambayo mkazi hana, nayo ni vitabu vya MTUHA. Vitabu hivyo huonyesha mgonjwa anatoka mtaa gani. Kituo kikihesabu wagonjwa wa kuhara kwa mtaa, mwezi kwa mwezi, bila kutoa jina la yeyote, kitakuwa na karatasi moja yenye uzito kuliko kelele za mkutano mzima. Karatasi hiyo hupitia kwa mganga mfawidhi hadi kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, na nakala yake yaweza kusomwa katika kikao cha kata. Madaktari hupenda kumtaja John Snow na pampu ya Broad Street, London, mwaka 1854, kana kwamba aling'oa mpini kwa mikono yake. Ukweli ni kwamba alikwenda jioni katika kikao cha bodi ya parokia ya St James akiwa na hesabu ya waliokufa na mahali walipoishi. Wajumbe hawakuamini sana nadharia yake, lakini mpini uliondolewa kesho yake. Kipindupindu kilikuwa kimeanza kupungua, na wanahistoria hubishana hadi leo mpini ule uliokoa wangapi. Kikao, hata hivyo, kilifanya uamuzi.

Wagonjwa wana kiti chao pia. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa jamii, na halmashauri ina Bodi ya Huduma za Afya. Nafasi zinapotangazwa, tangazo hubandikwa katika ubao wa kituo na wa ofisi ya kata, mara nyingi kwa siku chache tu. Anayesubiri kumwona daktari ana muda wa kulisoma.