Chakula cha Arusi Bila ya Deni la Karafuu



Karafuu zikishaanuliwa na majamvi yakakunjwa, ndipo huku kwetu Pemba ngoma za arusi zinapoanza kulia. Ni ada ya zamani, na ni ada njema, kwani mtu huoa au huoza pale mkono unapokuwa na kitu. Lakini kila mwanachama ajua kwamba mkarafuu hauna mapatano na mtu. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakavunjika, na mwaka unaofuata ukawa hauna ila majani. Arusi haingoji hesabu hiyo. Posa imekwisha jibiwa, mahari yamepokewa, siku imetajwa. Na mwenye shamba akiinua macho kutazama juu ya mti, haoni kitu.

Hapo ndipo watu wengine hukimbilia njia ya mkato, nayo ni kuuza karafuu za msimu ujao zingali mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Jambo hili si geni visiwani kwetu. Madeni ya wenye mashamba yalizidi zamani hata mwaka 1934 Serikali ya Unguja ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasihamie ovyo mikononi mwa wakopeshaji. Sheria yaweza kulinda shamba, lakini haiwezi kuingia jikoni kumzuia mtu asipike zaidi ya uwezo wake. Kazi hiyo ni yetu wenyewe.

Twaandika haya kwa sababu msimu uliopita jambo lenyewe limetufika sisi nyumbani. Tulikuwa tukimwoza binti yetu, na mikarafuu ikazaa kidogo mno. Mpishi wa kukodi alikuja, akatazama uwanja, akauliza idadi ya wageni, kisha akataja bei. Bei ile ilikuwa ni sawa na mavuno yetu yote, pamoja na makonyo. Tulikuwa karibu kukubali. Shangazi yake bibi arusi, aliyekuwa amekaa kwenye kibaraza akichambua mchele, akasema, "Kaka, nyumba hii ina wanawake sita na mafiga matatu. Huyo mtu mwamlipa kwa kazi gani?" Neno hilo likatuokoa. Tukaamua kupika wenyewe, na kupika mapema.

KWANZA NI KUHESABU

Kosa la arusi nyingi ni kupika kwa kukisia. Sisi tulichukua daftari tukaandika jina moja moja, tukapata watu 200, pamoja na watoto na wapishi wenyewe, ambao mara nyingi husahauliwa. Kilo 1 ya mchele wa pilau hutosha watu 8, ikiwa pana vitafunio pembeni. Basi tulihitaji kilo 25 za mchele, na nyama kilo 15. Sambusa tulihesabu 2 kwa kila mtu, yaani 400, na nyama ya kusaga kilo 7 iliyochanganywa na vitunguu vingi ilitosha. Unga wa visheti ulikuwa kilo 6, na unga wa mchele wa vileja kilo 4. Haluwa tulinunua kilo 6, kwa kuwa haluwa ni kazi ya fundi, na hukaa siku nyingi bila ya kuharibika. Mtu asijitie katika kazi asiyoijua kwa kutaka kuokoa senti.

Vitu vikavu tulinunua kidogo kidogo kwa muda wa miezi miwili: wiki hii sukari, wiki ijayo samli, wiki nyingine mchele. Kwa njia hii hatukukopa dukani hata mara moja.

WIKI MBILI KABLA

Vitu vya kutangulia ni vile visivyo na maji. Tulikaanga na kutwanga bizari ya pilau: uzile, mdalasini, pilipili manga na hiliki, tukazitia katika chupa kavu yenye kifuniko. Karafuu hatukutwanga, tulizihesabu nzima nzima, punje 6 kwa kila kilo ya mchele. Hapa twawaonya wanachama wenzetu. Sisi wenye karafuu ghalani mkono wetu ni mwepesi mno, twatia gao zima kana kwamba ni chumvi. Mafuta ya karafuu yana dawa iitwayo yujeno, ile ile inayotia ganzi jino linalouma. Ikizidi katika pilau, mgeni hutoka karamuni hajui amekula nini.

Achari ya ndimu nayo hufanywa wakati huu, kwa chumvi na pilipili, ikaanikwa juani. Lakini isianikwe juu ya jamvi la karafuu. Mwenye kutaka kujua sababu na ajaribu kwa ndimu mbili tu.

WIKI MOJA KABLA

Katika wiki hii wanawake walikaa kwa visheti na vileja. Vyote viwili hukaa vizuri hata siku 10 katika kopo lisilopitisha hewa. Siri yake ni moja, nayo sisi tuliijua kwa hasara. Kopo la kwanza la visheti tulilifunika usiku, visheti vingali na uvuguvugu, kwa kuwa watu walichoka wakataka kulala. Asubuhi tulikuta sukari imeyeyuka na visheti vimelegea kama mkate uliotiwa chaini. Unga wa kilo 2 ukaenda kwa watoto. Tuliona haya, kwani sisi ni watu wa karafuu, na hakuna asiyejua kwamba karafuu ikitiwa guniani kabla ya kukauka barabara huvunda na daraja lake hushuka. Visheti ni vivyo hivyo. Vitandazwe juu ya sinia, vipoe kabisa, ndipo vifungiwe.

Vitunguu vya pilau pia tulivikaanga wiki hii mpaka vikawa vyekundu na vikavu, tukavichuja mafuta, tukaviweka katika kopo. Kazi hii ndiyo inayowaliza wapishi machozi siku ya arusi, na kuimaliza mapema ni nafuu kubwa. Thomu na tangawizi tulivisaga tukavitia katika friza. Thomu iliyosagwa na kutiwa mafuta isiachwe mezani siku nyingi. Huweza kufanya sumu isiyoonekana wala kunuka.

SAMBUSA NA FRIZA

Sambusa ndiyo iliyotufaa kuliko vyote. Zamani zilifungwa usiku wa kuamkia arusi, na wafungaji wakakesha. Tangu mwaka 2010, waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, friza zimekuwa nyingi vijijini. Sisi tulikuwa na moja, na jirani akatuazima nafasi katika yake.

Nyama hupikwa mpaka ikauke maji yote, ikaachwa ipoe, ndipo ifungwe katika manda. Sambusa mbichi hupangwa juu ya sinia bila ya kugusana, zikaingizwa katika friza mpaka ziwe ngumu, kisha hutiwa mifukoni. Siku ya kukaanga zisingojwe ziyeyuke. Zitiwe katika mafuta ya moto vile vile zilivyo, kidogo kidogo, kwa moto wa kadiri. Zikiachwa ziyeyuke, manda hulowa na kupasuka.

Arusi ilikuwa Jumapili. Ijumaa usiku umeme ukakatika. Twakiri kwamba usingizi ulitupaa, kwani ndani ya friza ile mlikuwa na sambusa 400 na fedha ambazo hazikuwa na mwenziwe. Kila aliyepita alitaka kufungua atazame. Shangazi akachukua kamba ya mnazi, akaifunga friza kama mtu afungavyo gunia, akasema, "Atakayefungua kamba hii atakuja kufunga sambusa nyingine yeye peke yake." Alikuwa na haki. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi yake kwa muda wa saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Umeme ulirudi Jumamosi saa nne asubuhi. Tukafungua, na sambusa zilikuwa ngumu kama mawe. Lakini chakula kikikutwa kimeyeyuka na kimepata joto, kisirudishwe kwenye baridi kwa kukionea huruma. Hasara ya nyama ni ndogo kuliko hasara ya wageni kuugua.

SIKU YA KUAMKIA NA SIKU YENYEWE

Jumamosi tulipika mkate wa kumimina, tukachemsha maji ya kunywa na kuyapoza, na tukatengeneza shira ya ukwaju ili asubuhi itiwe maji tu. Nyama ya pilau ilikatwa, ikatiwa thomu, tangawizi na chumvi, ikalala katika baridi. Wako waliotaka wali upikwe usiku ili asubuhi upashwe moto. Tulikataa, na twawaomba wanachama wote wakatae. Wali uliopikwa ukaachwa nje usiku huota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kupashwa moto. Watu huuita ugonjwa huo husuda au jicho la mtu, kumbe ni wali uliolala.

Mengine yasiyokubali kutangulizwa ni haya: tui la nazi, kachumbari, bajia na kaimati. Tui huchacha upesi, kachumbari hutoa maji, na bajia iliyopoa hailiki.

Pilau iliinjikwa saa moja asubuhi katika sufuria mbili kubwa, ikapaliwa makaa juu, na ikapakuliwa baada ya sala ya adhuhuri ingali moto. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto zaidi ya saa 2 katika joto la kwetu.

KUPAKUA

Siku hizi vijana wapenda meza ndefu ambapo kila mtu hujipakulia. Hatukuwavunja moyo, vitafunio na vinywaji tuliviweka mezani. Lakini pilau ilikwenda kwa masinia, watu 5 kwa kila sinia, nyama ikigawiwa na mtu mmoja mwenye mkono wa insafu. Anayejipakulia hupima kwa macho, na macho hayashibi. Masinia yalipokwisha kutoka, pilau ilibaki ya kutosha wapishi na majirani, wala hapana iliyomwagwa.

Tulipofunga daftari, gharama yote ya chakula ilikuwa haifiki nusu ya bei aliyotaja mpishi. Karafuu chache tulizozichuma tulizipeleka kituoni kwa jina letu wenyewe, na mikarafuu yetu yangojea msimu ujao haina rehani ya mtu. Bibi arusi, alipokuwa akiagwa, alimshika shangazi yake mkono akamwambia kwamba sambusa zilisifiwa hata na wakwe. Shangazi akajibu, "Waambie zilifungwa kwa kamba."

Mwanachama aliye na njia nyingine ya kupunguza gharama za arusi na aiandike, au amwambie mjumbe wa tawi lake aiandike, ailete afisini ili wote wanufaike. Twawatakia wote wenye arusi mwaka huu heri, na hesabu njema.